Tangi Limejengwa, Sasa Tulitunze



Katikati ya mwezi wa Septemba tulialikwa na kikundi kimoja cha akina mama huko Ukambani. Walitaka tuone matangi yao ya maji ya mvua. Kila mwanachama alikuwa na tangi lake la simiti la lita 10,000. Waliyajenga kwa mzunguko: mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, wote wakibeba mchanga na maji pamoja kama ilivyo desturi ya mwethya. Ilikuwa kazi ya zaidi ya miaka miwili, na walikuwa na haki ya kujivunia.

Tulipofika boma la tatu, mwenyeji wetu aligonga ukuta wa tangi kwa kiganja. Ukalia kama ngoma. "Linalia hivyo tangu mwisho wa Agosti," akasema. Mwishoni mwa Mei tangi hilo lilikuwa limejaa mpaka likafurika. Yeye na jamii yake walikuwa wakichota mitungi mitatu tu kwa siku, na alikuwa na hakika kwamba maji yatamfikisha Novemba, wakati wa mvua ya vuli. Sasa alikuwa amerudia kuamka saa kumi alfajiri kwenda kuchimba mchanga wa mto, kama zamani kabla ya tangi.

Maji yalikwenda wapi? Tulizunguka tangi. Upande mmoja, chini kabisa ya ukuta, palikuwa na nyasi zenye ukijani, na kila mahali pengine ni vumbi tupu. Mama yule alikuwa amefunga mbuzi wake hapo, akidhani ni bahati. Kumbe mbuzi alikuwa akila maji ya tangi.

Kikundi kile kilijua kujenga. Lakini hakuna aliyekuwa amefundishwa kutunza. Na tumeona jambo hilo hilo katika vikundi vingi: tangi likikamilika, picha inapigwa, chai inanywewa, na kikundi kinahamia boma lingine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika toleo hili tunaeleza jinsi ya kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta, na mambo mengine ambayo tangi hudai kwa mwenyewe.

HESABU KIDOGO KWANZA

Mtu hawezi kulinda mali asiyoijua kipimo. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Nyumba ya mabati yenye paa la mita 10 kwa 5 ina mita 50 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 20, hizo ni lita 1,000. Kiasi fulani hurukia nje au hukauka juu ya bati, kwa hiyo tuseme tunapata sehemu nane kwa kumi, yaani lita 800. Hiyo ni mitungi 40 ya lita 20 kwa mvua moja! Gata ikiwa imepinda au imejaa majani, mitungi hiyo 40 inakwenda kuchimba udongo nyuma ya nyumba.

Sasa upande wa matumizi. Jamii inayochota mitungi mitatu kwa siku hutumia lita 60. Tangi la lita 10,000 likiwa limejaa litawatosha siku 166 hivi, yaani miezi mitano na nusu. Mama yule alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kabisa. Kitu ambacho hakukiweka katika hesabu ni ufa.

JE, TANGI LINAVUJA?

Watu wengi hungoja mpaka waone maji yakitiririka nje. Hapo umechelewa. Tangi linaweza kuvuja chini ya sakafu na usione hata tone. Pima hivi:

1. Chagua siku ambayo hakuna mvua. Jioni, mkimaliza kuchota, funga mfereji vizuri.

2. Chukua fimbo iliyonyooka na kavu. Iteremshe wima kupitia mlango wa juu mpaka iguse sakafu. Itoe na uweke alama ya kisu pale maji yalipofika.

3. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuchota, pima tena mahali pale pale.

Tangi lililofunikwa vizuri halipotezi maji kwa jua kama bwawa lililo wazi. Kwa hiyo maji yakiwa yameshuka usiku, tangi linavuja, au mfereji unavuja, au jirani ana ufunguo.

Usidharau alama ndogo. Tangi la lita 10,000 lenye upana wa mita 2.6 kutoka ukuta hadi ukuta lina lita 53 katika kila sentimita moja ya kimo chake. Kwa tangi lako mwenyewe, pima upana kwa mita, gawanya kwa mbili, zidisha jibu kwa jibu hilo hilo, halafu zidisha kwa 3.14, na mwisho kwa 10. Utapata lita zilizo katika kila sentimita.

Maji yakishuka nusu sentimita tu kwa usiku wa saa 12, kwa usiku na mchana tangi hilo linapoteza lita 53 hivi. Yaani ufa unakunywa karibu sawa na jamii nzima. Lita 60 za nyumbani na 53 za ufa ni lita 113 kwa siku, na lita 10,000 zitakwisha kwa siku 88. Kutoka mwisho wa Mei, siku 88 zinakufikisha mwisho wa Agosti. Mama yule alipoona hesabu hiyo tukiiandika mchangani alinyamaza, halafu akasema, "Basi nilikuwa na mgeni asiyeonekana."

Mfereji nao usisahauliwe. Weka kikombe cha nusu lita chini yake. Kikijaa kwa matone katika muda wa saa moja, hizo ni lita 12 kwa siku. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba ni kama lita 1,440, yaani mitungi 72. Na dawa yake mara nyingi ni washa ya mpira, kitu kidogo kinachopatikana katika duka la vifaa.

KUTAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Acha tangi likuambie lenyewe. Maji yakishuka halafu yakasimama mahali fulani bila kushuka tena, ufa uko kwenye kimo hicho, au juu yake kidogo tu. Yakisimama sawasawa na bomba la kutolea maji, tazama pale bomba linapopita ukutani. Yakiendelea kushuka mpaka sakafuni, ubaya uko chini, na mara nyingi ni pale ukuta unapokutana na sakafu. Hapo ndipo matangi mengi huanza kuvuja, kwa sababu sakafu na ukuta hujengwa siku mbalimbali na visiposhikana vizuri hubaki vitu viwili.

Kwa nje tafuta dalili hizi: unyevu usiokauka adhuhuri, kuvu la kijani, mistari myeupe kama chokaa, nyuki wanaokusanyika ukutani wakati wa kiangazi, udongo mlaini, na nyasi mbichi kama zile za mbuzi wetu.

KUZIBA UFA

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kupaka simiti kwa nje. Maji yaliyo ndani husukuma lipu hiyo na kuibandua. Ufa huzibwa kwa ndani, ambapo maji yenyewe husaidia kuibana lipu ukutani. Kwa hiyo wakati wa kutengeneza ni mwisho wa kiangazi, tangi likiwa karibu tupu: Septemba kabla ya mvua ya vuli, na Februari kabla ya mvua ya masika.

• Chonga ufa kwa patasi na nyundo upanuke kama sentimita mbili, na uuendeleze kidogo kupita pale unapoonekana kuishia. Ukipaka juu juu bila kuchonga, umepaka poda tu.

• Piga brashi, ondoa vumbi lote, kisha loweshe kwa maji. Ukuta mkavu hunyonya maji ya simiti mpya, nayo hupasuka.

• Changanya simiti sehemu moja kwa mchanga safi wa mto sehemu tatu. Kujua kama mchanga ni safi, utie katika chupa pamoja na maji, tikisa, uache utulie. Ukiona tabaka nene la matope juu ya mchanga, uoshe kwanza au utafute mwingine. Ukipata ile simiti ya unga wa kuzuia maji, itumie kama ilivyoandikwa kwenye pakiti.

• Jaza ufa kwa kukandamiza na mwiko. Ikishika, paka juu yake uji mzito wa simiti na maji, ambao mafundi huuita niru, siku hiyo hiyo.

• Weka magunia yaliyoloweshwa, na uyamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi. Simiti haipati nguvu kwa kukauka, hupata nguvu kwa kukaa na unyevu. Usijaze tangi mpaka zimepita kama wiki mbili.

Kama ufa uko kwenye pembe ya sakafu na ukuta, chonga mzunguko wote, halafu jaza kwa mviringo kama chungu, pasibaki pembe kali. Lakini ukiona ufa mpana unaopanda ukutani kutoka chini hadi juu, au tangi limeinama upande mmoja, msingi umeshuka. Hapo msidanganyane, mwiteni fundi anayejua matangi.

Hapa tukumbuke somo lililolipiwa na wazazi wetu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu mbalimbali za Kenya zilijengwa matangi yaliyoitwa ya ghala. Fito zilisukwa kama ghala la nafaka, kisha zikapakwa simiti ndani na nje, bila waya. Yalikuwa ya bei nafuu, na vikundi vingi viliyapenda. Lakini mchwa waliingia, fito zikaoza ndani ya simiti, na nyufa zikatokea. Kabla ya miaka ya 1980 kwisha mpango huo ulikuwa umeachwa. Anayeshika tangi la simiti ni waya uliofichwa ndani yake. Kwa hiyo unapochonga ufa, usikate waya. Na ukiuona una kutu, usiufunike ukanyamaza. Ufa ulioachwa wazi hupeleka maji kwenye waya, na waya ukila kutu wote, hakuna simiti itakayoliokoa tangi.

Mambo mawili ya kuzuia nyufa. Kwanza, usiache tangi likauke kabisa. Acha maji ya kimo cha kiganja hivi chini, kwa sababu simiti ikikauka sana hujikunja na kupasuka. Pili, usipande miti mikubwa karibu. Mizizi hufuata maji, na mikaratusi haina huruma.

MAJI YAKIBADILIKA

Maji ya mvua huteremka safi. Uchafu huyakuta kwenye paa, kwenye gata na ndani ya tangi. Ukiona mabadiliko, uliza sababu kabla ya kukimbilia dawa.

Maji ya kijani. Mwanga unaingia. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho haiwezi kuota gizani. Ziba kila tundu, funika mlango wa juu. Kama ni tangi la plastiki linalopitisha mwanga, lipake rangi nyeusi kwa nje au ulijengee kivuli.

Harufu ya yai bovu. Majani na matope yameoza sakafuni. Tangi linataka kuoshwa, na gata linataka wavu.

Harufu ya mzoga. Mjusi, panya au ndege ameingia akafa. Msinywe. Mtoeni, mwageni maji, osheni tangi, kisha mtie dawa kama tutakavyoeleza.

Rangi ya chai. Ni majani yaliyolala kwenye gata, au kutu ya mabati. Kata matawi yaliyo juu ya paa. Bati lililooza libadilishwe.

Ladha ya moshi. Ni masizi ya jikoni juu ya bati. Maji ya kwanza ya mvua hayakumwagwa.

Ladha kali ya simiti. Tangi ni jipya. Tumieni maji hayo kwa kufulia na kwa kazi nyingine. Ladha hupungua kadiri tangi linavyojazwa tena.

Viluwiluwi vya mbu. Kuna tundu. Mbu anahitaji kama wiki moja au mbili tu kutoka yai mpaka aruke. Weka wavu mdogo wa mbu pale maji yanapoingia na kwenye bomba la kufurikia, na uutazame kila mwezi kama umetoboka. Jambo hili si la mchezo. Mwaka 2004 ugonjwa wa chikungunya uliingia Lamu wakati wa ukame, watu walipokuwa wakihifadhi maji nyumbani kwa muda mrefu bila kubadilisha wala kufunika vizuri. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba karibu watu 75 katika kila 100 kisiwani walikuwa wameambukizwa.

PAA NA GATA

Ukitaka kazi ya tangi ipungue, fanya kazi ya gata. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi, kinyesi cha ndege na masizi. Geuza bomba la kushukia pembeni, maji hayo yaende kwenye bustani ya mboga au kwa ng'ombe. Subiri mvua ikinyesha sawasawa kwa dakika 15 au 20, mpaka uone maji meupe, ndipo ulirudishe kwenye tangi. Msilaumu mtoto aliyesahau. Wekeni mtu mmoja wa kazi hiyo.

Gata iteremke kama sentimita moja kwa kila mita moja kuelekea tangi. Ikiwa ina tumbo katikati, maji yatasimama hapo, yazae mbu, na uzito wake utang'oa waya. Paa la kukusanyia maji ya kunywa lisipakwe rangi yenye madini ya risasi.

KUOSHA TANGI: HATARI AMBAYO LAZIMA TUSEME

Osha tangi mara moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi, maji yakiwa machache. Kwanza hamisheni maji yaliyobaki katika mitungi. Pigeni brashi ukuta na sakafu kwa maji safi, bila sabuni ya kufulia, zoeni matope kwa ndoo, suuzeni, na mwageni nje.

Kazi yenyewe ni rahisi. Lakini tangi ni chumba kilichofungwa, na watu wamekufa ndani ya matangi na visima kwa kukosa hewa. Tunaomba sheria hizi ziandikwe katika daftari ya kikundi:

• Fungua milango yote siku moja kabla ya kuingia.

• Mtu asiingie peke yake, hata kama ni dakika tano. Anayeingia afungwe kamba, na wawili wenye nguvu wakae juu wakizungumza naye muda wote.

• Akisikia kizunguzungu, atoke mara moja. Akianguka, wa juu wavute kamba na kuita watu. Wasirukie ndani. Anayerukia kumwokoa mwenzake bila hewa huongeza maiti ya pili.

• Msiingize jiko la makaa tangini ili kukausha lipu, wala pampu ya petroli. Moshi wake huua bila harufu.

• Mlango wa juu uwe na kufuli wakati wote, na ngazi isiachwe imeegemea tangi. Mtoto akichungulia na kutumbukia, hakuna atakayemsikia.

DAWA YA MAJI

Dawa ya klorini haisafishi matope, huua vijidudu. Hata wenye vidimbwi vya kuogelea katika hoteli za Pwani wanajua hili: ukitia dawa katika maji machafu, uchafu hula dawa yote, na vijidudu hubaki. Ondoa uchafu kwanza.

Baada ya kuosha tangi lililoingia mzoga au maji ya mafuriko, likijaa tena tieni jiki ya kawaida isiyo na manukato wala sabuni. Soma chupa. Ikiwa na nguvu ya 3.5 kwa 100, tia mililita 150 kwa kila lita 1,000 za maji, yaani lita moja na nusu kwa tangi la lita 10,000 lililojaa. Ichanganye kwanza ndani ya ndoo ya maji, mimina juu ya tangi, na msinywe mpaka zimepita saa 24. Kama nguvu yake ni tofauti, msikisie; mwulizeni afisa wa afya wa eneo lenu. Wala msichanganye jiki na sabuni ya choo au kitu kingine chochote.

Kwa siku za kawaida, hakuna haja ya kutia dawa tangi zima. Tibu maji ya kunywa peke yake, katika mtungi safi wenye kifuniko. Chemsha mpaka yatokote vizuri, au tumia dawa ya maji ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa. Asiye na kuni wala pesa ajaze maji meupe katika chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita mbili, azilaze juu ya bati juani kwa saa 6. Kukiwa na mawingu, siku mbili.

KALENDA YA MWAKA

Kila wiki: mfereji na kufuli.

Kila mwezi: wavu wa mbu, kipimo cha fimbo, na kuandika.

Februari na Septemba: kutafuta nyufa na kuziba, kunyoosha gata, kukata matawi, kufagia paa. Kuosha tangi katika mmoja wa miezi hii.

Machi na Oktoba: kumwaga maji ya mvua ya kwanza.

Wakati wa mvua: kutoa majani kwenye gata kila baada ya upepo mkali.

MZUNGUKO WA PILI

Sasa tuseme neno kwa vikundi. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kujenga. Tunashauri usiishie hapo. Anzeni mzunguko wa pili, wa kutembeleana. Kila mwezi wanachama wawili wakague matangi matatu au manne: fimbo, kikombe chini ya mfereji, macho chini ya ukuta. Waandike katika daftari tarehe, kimo cha maji na ubaya waliouona. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maji ni mali.

Pia wekeni akiba ndogo ya matengenezo kutoka kwa michango ya kawaida. Mfuko mmoja wa simiti, mpira wa washa chache na mita kadhaa za wavu vinaweza kuhudumia matangi mengi. Tangi jipya linahitaji harambee. Ufa unahitaji debe moja la mchanga na asubuhi moja ya watu wanne.

Kikundi kile kilifanya hivyo. Siku tuliyokuwa huko walimchagua mwekahazina awe pia mwenye fimbo, na wiki iliyofuata wakaingia katika tangi la yule mama, wawili ndani kwa kupokezana, wengine juu na kamba. Ufa ulikuwa pembeni mwa sakafu, mwembamba kama uzi, urefu wa hatua moja.

Tulipita tena hapo mwezi wa Januari. Mvua ya vuli ilikuwa imekwisha na tangi lilikuwa limejaa. Tuliligonga, likanyamaza kama jiwe. Kando ya ukuta palikuwa pamekauka, na mama alikuwa amehamisha mbuzi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni matangi mangapi ya kikundi chetu yaliyopimwa kwa fimbo mwaka huu? Nani aliandika?

2. Tangi la nani lilikwisha mapema katika kiangazi kilichopita? Je, tulikwenda kuliangalia, au tulisema anatumia maji vibaya?

3. Ni nani kati yetu anayeweza kuziba ufa? Tunaweza kumwomba awafundishe wangapi kabla ya mvua ijayo?

4. Mlango wa tangi lako una kufuli? Ufunguo uko wapi sasa hivi?